Kamera na Haki ya Mnyama wa Mwituni

Limeletwa katika darasa letu hapa Mabanga swali ambalo baadhi ya ndugu walipolisikia walicheka, wakaona halistahiki kuulizwa mbele ya watu wa ilimu. Mwulizaji ni kijana wetu ajipatiaye riziki yake kwa kupiga picha za harusi na za vitambulisho mjini Bungoma. Sasa amekusudia kupiga picha za wanyama wa mwituni, na khasa nzohe wa kinamasi cha Saiwa, upande wa Kitale, naye auliza: ni kamera gani imfaayo kuinunua? Walimwambia kuwa hilo ni swali la fundi. Akajibu kuwa mafundi amekwisha kuwauliza, na kila mmoja amemsifia kile alichonacho dukani kwake. Lililombakia ni kujua lipi katika hayo ni jema mbele ya Mwenyezi Mungu, na lipi ni la kujutia.

Sisi twaona kuwa kijana huyu ameuliza vizuri kuliko waliomcheka. Mbele yake ziko njia tatu. Ya kwanza ni kwenda na kamera aliyonayo, ambayo lenzi yake ni fupi, ya kupigia nyuso za maarusi. Kwa lenzi hiyo hana budi kumkaribia sana mnyama, na mwenzake mmoja amejitolea kuingia katika matete na kuyapiga kwa fimbo ili nzohe atoke peupe. Ya pili ni kukopa fedha anunue lenzi kubwa kama zile wachukuazo mabingwa, ilhali baba yake ataka akiba ile isaidie kulipa karo ya dada yake wa shule ya sekondari. Ya tatu ni kununua kwa fedha alizonazo kamera iliyokwisha kutumiwa pamoja na lenzi ndefu ya kiasi. Tutazipima njia hizi moja baada ya moja, lakini kabla ya hapo hatuna budi kumjibu aliyesema kuwa hapana haja ya kupima chochote.

Huyo ni yule asemaye kuwa picha zote za wenye roho ni haramu, basi na kamera zote ni sawa kwa ubaya. Mas'ala haya yana khitilafu ya siku nyingi baina ya wanavyuoni, wala hatudai kuyamaliza katika ukurasa mmoja. Lakini haifai khitilafu ikaelezwa kama kwamba ni ijmai. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1914 mpaka 1920, aliandika risala makhsusi ya kuhalalisha picha za kamera. Hoja yake ni kuwa mpiga picha hachongi umbo wala halichori kwa mkono wake akashindana na uumbaji wa Mola. Yeye hukizuia tu kivuli ambacho nuru imekwisha kukiweka. Mwenye kuifuata kauli ya kukataza twamheshimu, na ajizuie. Mwenye kuifuata kauli ya kuruhusu ndiye tunayesema naye sasa, kwani ruhusa haikumwondolea adabu, nayo ndiyo iliyoulizwa.

Wala asidhani mtu kuwa chombo hiki ni kigeni kwa ilimu za Kiislamu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Misri karibu na mwaka 1040, alifanya majaribio mengi ya nuru ipitayo katika tundu na kuingia mahali penye giza, akaeleza namna sura ya jua lililopatwa inavyotokea upande wa pili. Kamera kwa asili yake ni chumba cha giza cha namna hiyo: mbele pana tundu, na nyuma pana kitu cha kuipokea nuru. Zamani kitu hicho kilikuwa filamu. Siku hizi ni kipande kidogo kiitwacho sensa. Mbele ya tundu huwekwa lenzi, nayo ndiyo yenye neno kubwa katika mas'ala yetu.

Lenzi hupimwa kwa milimita. Milimita zikizidi, kitu cha mbali huonekana kikubwa zaidi. Hesabu yake ni nyepesi. Ikiwa kamera ni moja, mnyama aliyepigwa picha kwa lenzi ya milimita 100 kutoka hatua 20 hutokea kwa ukubwa uleule kama aliyepigwa kwa lenzi ya milimita 400 kutoka hatua 80. Na mwenye simu ya mkononi, ambayo lenzi yake kuu kwa hesabu ya kamera za filamu ni sawa na milimita 25 hivi, akitaka ukubwa huohuo itampasa amsogelee mnyama mpaka wabakiwe na hatua 5 baina yao. Kwa hivyo mtu anaponunua lenzi hununua pamoja nayo mahali pa kusimama, ajue au asijue. Ndiyo sababu twasema kuwa swali la kijana si la fundi peke yake: fundi aweza kumweleza lenzi yaonaje, lakini ni nani atakayemweleza kama ana haki ya kusimama pale?

Ili tujibu, yatupasa tumjue huyo anayetaka kusogelewa. Saiwa ni mbuga ya taifa iliyowekwa mwaka 1974 kwa ajili ya kumhifadhi nzohe. Iko zaidi ya kilomita 20 kutoka Kitale kwa njia ya Kapenguria, na eneo lake ni kilomita za mraba 3 hivi tu, hata huhesabiwa kuwa ndogo kuliko mbuga zote za taifa nchini Kenya. Mgeni haingii kwa motokaa. Huenda kwa miguu, hupita juu ya vijia vya mbao, na hupanda majukwaa yaliyojengwa ili atazame kinamasi kutoka juu. Humo yumo pia kima mwenye ndevu nyeupe ambaye wengi humwita karasinga, na korongo mwenye taji. Kandokando yake kote ni mashamba ya watu. Maana ya hayo ni kuwa mnyama anayefukuzwa kutoka upande mmoja wa Saiwa hana nchi nyingine ya kukimbilia. Akivuka mpaka amefika katika mahindi ya watu, penye mbwa na panga.

Nzohe mwenyewe ni mnyama wa majini na topeni, ijapokuwa ni katika jamii ya tandala na pongo. Kwato zake ni ndefu na hupanuka, akaweza kukanyaga tope laini bila ya kuzama. Lakini kwato hizo hizo humpa taabu kukimbia juu ya nchi kavu. Hutoka kula alfajiri na jioni. Akiogopa huingia majini na kujizamisha mpaka ikabakia pua tu nje ya maji. Matete na maji ndiyo ngome aliyojaaliwa na Muumba wake. Sasa mwenye kuyapiga matete kwa fimbo ili atoke peupe, amemtoa katika ngome yake na kumpeleka pale ambapo miguu yake haimfai.

Hapo husema msemaji: "Sikumpiga risasi, sikumjeruhi, wala sikumla. Nimechukua sura yake tu, naye amerudi majini akiwa mzima. Iko wapi dhuluma?" Maneno haya yanavuta, kwa kuwa yana sehemu ya ukweli. Kuchukua sura si sawa na kuua. Lakini tuangalie khabari iliyopokewa katika Sunan ya Abu Daud. Masahaba walikuwa safarini, wakamwona ndege mdogo mwekundu mwenye makinda mawili, wakayachukua makinda yake. Mama yao akaja akawa anapigapiga mbawa zake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomwona aliuliza ni nani aliyemtia uchungu ndege huyo kwa ajili ya watoto wake, akaamrisha arejeshewe. Hapana aliyechinjwa pale, wala hapana aliyevunjwa bawa. Kilicholaumiwa ni ule uchungu aliotiwa kiumbe pasina haja. Na Kurani, katika Sura ya al-An'am, imetufunza kuwa wanyama wa ardhini na ndege warukao ni umma kama sisi. Na mtu haingii nyumbani mwa umma mwingine kwa fimbo, kisha akasema hakuharibu kitu.

Huenda akasema: "Pale walichukuliwa watoto, na mimi sichukui watoto wa mtu." Tutamjibu kwa yaliyoonekana katika nchi yetu wenyewe. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 juu ya duma wa Maasai Mara uliwalinganisha duma majike walioko pahala penye watalii wengi na wale walioko pahala penye watalii wachache. Wa kwanza walifikisha umri wa kujitegemea watoto 0.2 tu kwa wastani katika kila uzao. Wa pili walifikisha 2.3. Hapana mtalii aliyeushuka mkono wake akachukua mtoto wa duma. Wengi wao hapana shaka walikuwa watu wema, wakipenda wanyama, na kila mmoja alitaka picha moja tu. Lakini mama aliyezungukwa na magari huweza kukatizwa mawindo yake, kuhama na kupoteana na watoto, na kuwaonyesha simba na fisi mahali alipo. Hatusemi kuwa nzohe ni duma, wala kuwa kijana mmoja wa Bungoma ni sawa na magari ya Mara. Twasema kuwa madhara yasiyoonekana damu yake ni madhara, na kuwa "mara moja tu" ya kila mtu, ikikusanywa, ni maisha mazima ya mnyama.

Na yafaa vijana wajue kuwa tabia hii ya kumshurutisha mnyama aje mbele ya kamera ni ya zamani katika pwani na bara zetu. Mjerumani Carl Georg Schillings, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya Ujerumani, alipiga picha za wanyama usiku kwa mwako wa unga wa magnesi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905, na katika jina lake mwako huo umewekwa bega kwa bega na bunduki. Ili simba wamjie, alifunga wanyama wa kufugwa wawe chambo. Kwa insafu yatupasa tuseme kuwa lenzi za siku zile zilikuwa dhaifu, na kuwa mtu huyo alikuwa pia miongoni mwa waliowaonya wenzao kuwa wanyama wa Afrika wanakwisha. Lakini tazama namna kazi ilivyoanza: aliyetaka kuwaokoa wanyama kwa picha aliona si kitu kumfunga punda mtini ili aliwe. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na tangu wakati huo wengi husema kuwa kamera imechukua mahali pa bunduki. Ni kheri kubwa ikiwa ni kweli. Lakini mwenye kufukuza, kuvizia shimoni na kutega chambo hakuacha mambo ya mwindaji ila risasi yake.

Wanavyuoni wa fikihi wametuwekea kanuni mbili zinazotosha hapa: kuwa kuepusha madhara hutangulia kuleta manufaa, na kuwa njia ya kukifikia kitu hupewa hukumu kwa makusudio yake na kwa yale yaletwayo nayo. Picha ya nzohe ina manufaa, wala hatuyakanushi. Watoto wetu wengi wa Bungoma wamekulia mbele ya Mlima Elgon wasimjue mnyama huyu aliye jirani yao. Picha nzuri yaweza kuwafanya wamwonee fahari na kumtetea. Lakini manufaa hayo hayapatikani kwa kumdhuru yule yule tunayetaka atetewe. Basi njia ya kwanza, ya lenzi fupi na fimbo ya matete, twaikataa. Na yule mwenzake aliyejitolea kuingia katika matete ashukuriwe kwa udugu, kisha aketi, kwa kuwa mwenye kusaidia jambo ana fungu lake katika jambo hilo.

Tuje katika njia ya pili. Baada ya maneno tuliyosema, kijana aweza kutuambia: "Ikiwa umbali ndiyo adabu, basi lenzi ndefu kuliko zote ndiyo yenye adabu kuliko zote, nami nina udhuru wa kukopa." Hoja hii twaiogopa kuliko ile ya kwanza, maana imevaa nguo za dini. Lenzi ya milimita 600 yenye mdomo mpana, ya namna wachukuayo mabingwa, ina uzito wa kilo 3 hivi, na bei yake yapita ya ng'ombe kadhaa wa maziwa. Hatusemi kuwa kuinunua ni israfu kwa kila mtu. Seremala hahesabiwi mbadhirifu kwa kununua randa nzuri, na mwenye kazi inayoilipa lenzi ile ana haki nayo. Lakini Kurani katika Sura ya al-Furqan imewasifu watumiao mali zao kwa wastani, bila ya kupita kiasi wala kufanya uchoyo. Na wastani wa mtu hupimwa kwa mfuko wake mwenyewe na kwa haki za watu zilizomo mfukoni humo.

Hapa yuko dada. Karo yake kwa asili ni juu ya baba, na fedha za kijana ni mali yake aliyoitolea jasho. Hatumwambii kuwa ni mwizi akizitumia kwa kazi yake. Lakini twamwambia apime vitu viwili hivi. Kamera aiachayo leo ataikuta mwakani, na aghalabu kwa bei ndogo zaidi, kwa kuwa watengenezaji hutoa mpya na ya jana ikashuka thamani. Mwaka wa shule aukosao msichana haushuki bei ukamngoja. Mara nyingi huenda moja kwa moja, na yeye akaenda nao. Mnyama ana haki ya kutofazaishwa, na dada ana haki ya jamaa wa karibu. Haiwezekani kuitimiza ile kwa kuivunja hii. Deni la lenzi, kwa mtu ambaye bado hajajua kama picha zake zitanunuliwa, ni mzigo ambao nyumba nzima itauchukua bila ya kuulizwa. Na tena deni humharakisha mpiga picha. Mwenye kudaiwa mwisho wa mwezi hawezi kukaa asubuhi tatu jukwaani akarudi mikono mitupu kwa moyo mweupe. Siku ya nne atamtafuta yule mwenye fimbo.

Imebakia njia ya tatu, nayo ndiyo tunayoipendekeza. Lakini kwanza tulijibu neno la mzee mmoja wa darasani, ambalo lilitunyamazisha kwa muda. Alisema: "Sheikh, kwa hukumu yako hii wanyama wa nchi hii wamekuwa mali ya matajiri. Mgeni atokaye Ulaya na lenzi yake ya milimita 600 atapiga picha akiwa na taqwa kwa kuwa yuko mbali, na mtoto wetu aliyezaliwa hapa atahesabiwa mkosaji kwa kuwa hana fedha za kukaa mbali. Je, hiyo ni insafu?"

Neno hili lina uzito. Ni kweli kuwa mwenye mali atapata picha ambazo maskini hatazipata, na ya kuwa kijana wetu akifuata wasia huu atakosa baadhi ya picha, na labda atakosa na baadhi ya wanunuzi. Hatutaki kumdanganya kuwa njia nyembamba haina taabu. Lakini yuko mwenye haki wa tatu katika shauri hili ambaye mzee hakumtaja, naye ni nzohe. Umaskini wa mtu ni udhuru mbele ya watu wengi, lakini haukuwa udhuru wa kumtwisha mzigo asiyehusika. Masikini haruhusiwi kuipunja mizani sokoni kwa sababu tajiri ana duka kubwa.

Kisha tumwangalie kijana alichonacho na mgeni hana. Mgeni ana siku mbili Saiwa. Kijana ana mwaka mzima. Nauli yake ni ya kwenda Kitale na kurudi, na penye subira mnyama mwenyewe hupunguza umbali. Mwenye kupanda jukwaani kabla ya mapambazuko, akaketi kimya bila ya nguo za kung'aa na bila ya mazungumzo, akaja siku baada ya siku, ataona kuwa nzohe hutoka kula bila ya kuitwa. Tofauti ya hatua 20 alizosogea mnyama kwa khiari yake, na hatua 20 alizosogelewa kwa nguvu, haionekani katika lenzi, bali yaonekana katika macho na masikio ya mnyama kwenye picha. Wanaojua hutambua upesi mnyama aliyetulia na mnyama aliyefazaishwa. Na tena si lazima mnyama aijaze picha nzima. Nzohe mdogo katikati ya kinamasi kipana, na ukungu wa asubuhi juu ya matete, ni picha ya kweli kuliko uso uliokatwa ukaondolewa nchi yake. Nayo yapatikana kwa lenzi ya kiasi.

Basi haya ndiyo tunayomwambia ayatazame atakapokwenda kununua, nasi tumewauliza wajuzi.

Kwanza lenzi, kisha kamera. Watu wengi humaliza fedha zote katika kamera mpya, wakabakia na lenzi fupi iliyokuja nayo, na ndiyo hiyo itakayowapeleka katika matete. Afadhali kamera ya miaka mingi nyuma yenye lenzi inayofika milimita 300 au 400. Kamera zenye sensa ndogo kidogo kuliko filamu ya zamani, ambazo ndizo nyingi na rahisi, zina faida hapa: katika nyingi ya hizo lenzi ya milimita 300 huonyesha kama ya milimita 450. Ziko pia kamera ambazo lenzi yake haitoki, yenye kuvuta mbali mno. Mfano ni Nikon Coolpix P900 iliyotoka mwaka 2015, ambayo huvuta mara 83 mpaka sawa na milimita 2000. Sensa yake ni ndogo sana, kwa hivyo picha zake hupungua uzuri mwanga ukiwa hafifu. Lakini kwa mtu wa fedha kidogo ni chombo kinachomwacha mbali, na hilo si jambo dogo.

Pili, mwanga. Nzohe ni mnyama wa alfajiri na jioni. Lenzi yenye mdomo wa kipimo cha 2.8 huingiza mwanga mara nne kuliko yenye mdomo wa 5.6, lakini ni nzito na ghali. Asiyeweza kuipata ajitafutie tripodi imara, yaani miguu mitatu ya kuegemezea kamera. Itamwezesha kuacha mlango wa nuru wazi kwa muda mrefu zaidi bila ya kutikisika, madhali mnyama mwenyewe ametulia. Asitumie taa ya kamera kumwangaza mnyama machoni gizani.

Tatu, mlio. Kamera za namna ya zamani zina kioo ndani kinachoruka kila picha ipigwapo, na mlio wake husikika mbali asubuhi yenye utulivu. Nyingi katika hizo zina namna ya kupunguza sauti, na zile mpya zisizo na kioo zaweza kunyamaza kabisa. Wakilingana kwa bei, mnyamavu ndiye bora.

Nne, uaminifu katika kununua kilichokwisha kutumiwa. Atazame ndani ya lenzi kwa taa kama hamna kuvu, ambayo huingia katika vioo vilivyowekwa penye unyevu. Aulize kamera imepiga picha ngapi. Ajaribu kuitumia mbele ya muuzaji. Na muuzaji Mwislamu ajue kuwa kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi.

Limebakia moja ambalo halinunuliwi dukani, nalo ni ukweli wa picha. Katika mashindano makubwa ya picha za wanyama yafanywayo London, picha iliyoshinda ya mwaka 2009 ilionyesha mbwa mwitu akiruka lango la shamba usiku. Januari ya mwaka 2010 ushindi ule ulifutwa, kwa kuwa waamuzi waliona kuwa yaelekea mnyama yule alikuwa wa kufugwa na kufunzwa, ijapokuwa mpiga picha alikanusha. Funzo lake ni kuwa picha ya mnyama wa mwituni ni ushahidi: mwenye kuionyesha amesema kuwa kiumbe huyu, katika uhuru wake, alikuwa hivi. Akimfukuza kisha akaandika chini yake kuwa nzohe anatembea kinamasini, ameshuhudia uwongo, hata kama hakuugusa mstari mmoja wa picha yenyewe. Ukweli wa maneno yaliyo chini ya picha umefungamana na upole wa kupatikana kwake.

Kwa hivyo jawabu letu kwa kijana ni hili. Karo ya dada itolewe fungu lake kwanza, kwa makubaliano na baba yake. Kwa kilichobakia anunue kamera ya zamani na lenzi ndefu kadiri fedha zake zinavyofika, bila ya kukopa. Akae pale ambapo mnyama hageuki kumtazama; na nzohe akiinua kichwa na kuacha kula, ajue amekwisha kupita mpaka, arudi nyuma hata kama picha bado haijapatikana. Na akipata picha, zile zilizo nzuri azipeleke katika shule za hapa Mabanga na Bungoma kabla ya kuzipeleka kwa wanunuzi wa mbali, ili watoto wamjue jirani yao. Ndugu wa darasa wenye uwezo twawaomba wamsaidie tripodi, ambayo si ya bei kubwa, wapate fungu katika kheri hiyo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.